Kamera Isiyotaka Mtu Nyuma Yake

Mume wangu anaitwa Tulia. Si jina alilopewa na wazazi wake, ni wateja waliombandika, kwa sababu kila anayekalia kigoda chake cha kupigia picha huambiwa, "Tulia hapo hapo." Watoto wachanga wameambiwa hivyo, maharusi wameambiwa hivyo, na siku moja ofisa mmoja mwenye nyota mabegani aliambiwa hivyo na akatii. Mwenyewe sasa, kutulia ndiko kulikomshinda. Akianza kula anainuka kufunga dirisha, akifunga dirisha anakumbuka taa, na akirudi chakula kimepoa na mimi nimenuna.

Tunafanyia kazi chumba kimoja chenye pazia katikati. Mbele, penye mwanga wa mlango, ni kwangu: cherehani, meza ya kukatia, pasi, na nguo za watu zilizotundikwa zikisubiri vifungo. Nyuma ya pazia ni kwake: kigoda, kitambaa cheupe cha picha za pasipoti, cha buluu cha picha za vitambulisho, na kona aliyoiziba kwa mbao akaipaka rangi nyeusi ndani. Hicho ndicho chumba chake cha giza, ingawa tangu kila mtu awe na simu anakitumia kwa nadra, na mimi nimeshaanza kuingiza humo mabaki ya vitambaa. Ukuta mzima kati yetu umejaa picha za watu wawili wawili. Wapo waliooana, wapo waliogombana wakarudiana, yupo hata mzee mmoja na mbuzi wake. Sisi hatumo.

Nieleze vizuri, maana watu hudhani natia chumvi. Siku ya harusi yetu tulikodi mpiga picha. Maskini yule mtu wa watu alipiga picha ya kwanza, Tulia akatazama anavyoshika kamera, akaona vichwa vinakatwa. Akajikaza. Picha ya pili akakohoa. Picha ya tatu akauachia mkono wangu, akavua koti na kumnyang'anya mwenzake kamera mbele ya wakwe. Kuanzia hapo alitupiga yeye mpaka keki ikaisha.

Picha zilitoka nzuri, sitasema uongo. Tatizo ni kwamba kila palipohitajika bwana harusi alisimamishwa msimamizi wake, "ili pasibaki wazi," alisema mume wangu, "baadaye nitaingia mwenyewe." Baadaye hiyo bado tunaisubiri. Picha kubwa kuliko zote, ile iliyo sebuleni kwetu, ni mimi na shela langu, na msimamizi amenishika kiwiko, anatabasamu kama mwenye mali. Wageni wakija husema, "Kumbe mumeo alikuwa mwembamba hivi!" Nikinyamaza najiona mwongo, na nikieleza chai inapoa.

Utasema simu zipo. Zipo, na mimi ninayo. Lakini mtu akitaka kutupiga, Tulia husema, "Lete, umeshika vibaya," na mara mwenye simu yuko kando yangu na mume wangu yuko kulekule kwake, nyuma. Nikijaribu kutupiga mwenyewe kwa kunyoosha mkono, ninaambulia sikio lake na nusu ya paji la uso. Masikio yake ninayo ya kutosha kujaza albamu.

Nilikuwa nimeshazoea, naapa. Kilichoniuma ni mjukuu. Binti yetu anaishi mji mwingine na mumewe, na ukutani kwake ametundika nakala ya picha ile ile ya harusi. Siku moja alitupigia simu ya video ili tumwone mtoto anavyojifunza kuzungumza. "Haya mama, waonyeshe. Bibi yuko wapi?" Mtoto akakimbia mpaka ukutani, akapandishwa kwenye kiti, akaweka kidole juu ya shela langu. Tukapiga makofi. "Na babu je?" Kidole kikasogea, kikatua sawasawa juu ya pua ya msimamizi.

Binti yetu alicheka mpaka simu ikatikisika. Tulia naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akaingia kwenye kona yake na nikamsikia akiosha trei ambazo hazikuwa chafu. Nimeishi na mwanamume huyu, najua sauti za maji yake. Nikajiambia, iwe isiwe, mtoto yule atapata picha ya babu yake halisi amekaa na bibi yake, kabla kidole hakijazoea pua ya mtu mwingine.

Hapo ndipo kamera ilipoingia, na mwanzoni sikuitaka hata kidogo.

Sisi tuna utaratibu wetu wa zamu. Mwaka mmoja tunanunua kitu cha upande wake wa pazia, mwaka unaofuata cha upande wangu. Zamu ilikuwa yangu, na ilijulikana kwamba ni ovaloki, ile mashine ya kumalizia pindo, ambayo nilikuwa nimeshaichagua na kuipapasa dukani mpaka muuzaji akanichoka. Basi Tulia akaja siku moja anaona haya kama aliyevunja kikombe. Mteja wake mmoja alikuwa amemwambia kuna bibi mmoja, mpiga picha mstaafu, anahamia kwa mwanawe na anauza kamera yake kubwa ya mbao pamoja na vyombo vyake vyote.

"Ya zamani," akasema. "Ile ya kujifunika kitambaa kichwani. Nilipokuwa najifunza kazi tajiri wangu alikuwa nayo, mimi nilikuwa naruhusiwa kuifuta vumbi tu."

"Ukaifute vumbi tena, basi," nikamjibu. "Zamu ni yangu."

"Nakwenda kuitazama tu, mama watoto."

Mwanamke yeyote mwenye akili zake akisikia mumewe anakwenda kutazama tu, anavaa viatu. Nikavaa vyangu.

Bibi alikaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Alitufungulia akiwa ameegemea mkongojo, mfupi, macho makali, kidole gumba cha kulia kimepauka kwa dawa za kusafishia picha. Tukamwamkia, akaitikia, akatukalisha katikati ya makasha yaliyokwisha kufungwa kwa kamba. Kamera ilikuwa imesimama dirishani juu ya miguu yake mitatu, nayo, nikiri, ilikuwa kitu cha kutazamwa. Mbao nyekundu iliyong'arishwa, vishikizo vya shaba, lenzi mbele, kioo chenye ukungu nyuma, na katikati mfuko mrefu wa ngozi nyeusi uliokunjwakunjwa. Kwa jicho langu la ushonaji niliona sketi ya marinda iliyolazwa ubavu. Mpaka leo mfuko ule nauita marinda, na Tulia amekata tamaa ya kunisahihisha.

Mume wangu ana kasoro kubwa katika kununua vitu: akipenda, anasema.

"Loo, bibi!" akaanza. "Kamera hii haipatikani tena! Tazama hizi fremu! Tazama lenzi, haina hata mkwaruzo! Mimi ningekuwa wewe nisingeiuza kabisa!"

Nilimkanyaga mguu. Hakusikia. Nikamkanyaga tena.

"Mwache, binti," bibi akasema huku akicheka. "Maisha yangu yote nimeuziana na watu wanaoponda mali. Acha leo nisifiwe."

Nikaona nisipoingilia kati tutalipa bei ya jengo zima. Nikauliza kama marinda hayavuji mwanga. Tulia alikuwa na tochi mfukoni, kwa sababu ndivyo kamera hizi zinavyopimwa. Tukaibeba mpaka stoo isiyo na dirisha, akaiingiza tochi ikiwaka ndani ya marinda, akaziba mbele na nyuma kwa kitambaa cheusi, na bibi akafunga mlango. Tukasimama gizani sisi watatu tumebanana na mafagio. Polepole, kwenye kona za mikunjo, vikatokea vitone vya mwanga, kimoja hapa, viwili pale, kisha kishada kizima upande wa chini.

"Aa, bibi," nikasema kwa furaha, "hapa pameoza."

"Pamechoka," akanirekebisha.

"Pamechoka mpaka pameoza. Tutapunguziana."

Akapunguza. Si sana, lakini alipunguza kama mtu aliyeufurahia mchezo. Mimi hata hivyo nilikuwa nimekwisha kukata shauri kwamba tutashuka ngazi mikono mitupu. Nilikuwa natafuta tu namna ya kuondoka kwa heshima, na katika kutafuta huko macho yangu yakaangukia picha moja ambayo haikuwa imefungwa kwenye kasha bado. Ilikuwa juu ya kabati: mwanamume mnene kwenye kiti, watoto waliochanwa nywele kwa nguvu, na mwanamke mfupi mwenye macho makali, amesimama ameficha mkono mmoja kwenye mkunjo wa gauni.

"Nani alipiga hii?" nikauliza.

"Mimi."

"Na huyu hapa aliyesimama?"

"Ni mimi."

Nilimtazama, nikaitazama picha, nikamtazama tena. Akaenda kwenye kasha moja, akapekua, akatoa mpira mwembamba mrefu, mweusi, ulioviringishwa, na mwishoni una kipira kama cha honi ya baiskeli. Akaufungua ukaenea chumba kizima.

"Huu unauchomeka kwenye lenzi," akasema. "Ukibinya, jicho linafumbuka. Ukiachia, linafumba. Unaweza kuwa umekaa kule kwenye kochi. Kwenye picha ile ninao mkononi, ndiyo maana mkono wangu hauonekani."

"Umepasukapasuka huo," Tulia akaninong'oneza. "Tumwambie auache, atupunguzie tena."

Bibi alikuwa na masikio mazuri. "Sikiliza, mwanangu. Kamera uliyozoea inataka mtu nyuma yake. Hii haitaki. Unapanga picha yako kwenye kioo cha ukungu, sawa. Lakini ukishaingiza kasha lenye karatasi ya picha, kioo chote kinazibwa, hakionyeshi kitu. Sasa utabaki nyuma unafanya nini? Unachungulia mbao? Kazi yako imekwisha pale. Toka, nenda kakae na watu wako."

Moyo ulinilipuka paa. Miaka yote nimegombana na mtu, kumbe nilipaswa kugombana na kamera zake. Ovaloki niliiona inapita mbele ya macho yangu, nikaipungia mkono, nikaiacha iende.

"Bibi," nikasema, "bila mpira huo hatununui. Pamoja nao, tunachukua vyote."

Tulia akabaki mdomo wazi. Nadhani hakufumba mpaka tulipofika ghorofa ya chini, yeye ameikumbatia kamera kama mgonjwa, mimi na miguu mitatu begani na kasha la vyombo kwapani.

"Na ovaloki yako?" akauliza alipopata pumzi.

"Wewe tazama ngazi."

Matengenezo yalichukua muda, na nitasema wazi kwamba yalikuwa siku tamu kuliko nyingi nilizopata katika chumba kile. Pazia tuliliacha wazi. Nilikata vipande vya bitana nyeusi nzito, nikavibandika kwa gundi kwenye kila kona ya marinda, na usiku ukiingia tunazima taa na kuwasha tochi ndani, yeye anaelekeza, "Hapo, chini kidogo, bado kinang'aa," na mimi nagusa kitone kwa kidole kinazimika. Mpira tuliupeleka kwa fundi baiskeli wa mlango wa pili. Akauzamisha kwenye beseni lake la maji, akaubinya, akaangalia viputo vinatokea wapi.

"Duniani kuna mambo," akasema. "Leo kamera imepata pancha."

Akaubandika viraka kama anavyobandika tyubu, na hakutaka malipo ila aitwe kuja kuona.

Filamu za ukubwa ule ni shida kupata, kwa hiyo Tulia akaamua kutumia karatasi ya kusafishia picha, akaikata kwenye kile chumba cha giza baada ya kunitolea nje mabaki yangu yote ya vitambaa. Karatasi ile ni nzito kushika mwanga, akanieleza. Jicho la lenzi lazima likae wazi kwa muda wa kuhesabu taratibu mpaka tano, na muda wote huo mtu asipepesuke. Niliposikia hivyo nilimtazama sana. Akajitia hamnazo.

Siku ya mapumziko tukafunga kazi. Nikavaa gauni langu la marinda mapana, kwa sababu mkono wa kufichwa unahitaji mahali pa kujificha. Tulia akapiga pasi koti. Tukaweka vigoda viwili karibu na mlango penye mwanga mzuri, fundi baiskeli akakaa kizingitini na kikombe chake. Mume wangu akajifunika kitambaa cheusi, akaanza kunipanga. Sogea kushoto. Kidevu. Hapana, kidevu kile cha mwanzo. Tatizo likawa kigoda chake mwenyewe: kamera ile haina msamaha, ukikaa mbele kidogo tu unapotelea kwenye ukungu, na yeye hawezi kuwa nyuma ya kioo na juu ya kigoda wakati mmoja. Akawaza, akachukua ufagio, akauegemeza kigodani, akauvika koti lake. Akarudi kwenye kitambaa, akarekebisha lenzi mpaka ufagio ukaonekana vizuri, akachomeka kasha la karatasi, akavuta kifuniko chake.

"Usigeuke," akaniambia. "Macho kwenye lenzi. Kipira unacho?"

"Ninacho."

"Haya. Tulia hapo hapo. Bonya!"

Nikabonya. Akahesabu polepole, sauti ile ile anayowatuliza nayo wateja. Nilikaza macho kwenye lenzi kama nilivyoamriwa, sikupepesa. Alipofika tano nikaachia. Fundi baiskeli akapiga makofi, tukakimbilia chumba cha giza tumeshikana mikono.

Chini ya ile taa nyekundu, karatasi ikaelea kwenye trei. Taratibu ikaanza kusema. Rangi zilikuwa kinyume, uso wangu mweupe wenye meno meusi, gauni langu jeupe. Nikawa nasubiri upande wa pili. Koti likatokea. Likatokea vizuri mno, kila kifungo. Juu ya kola hapakuwa na kitu ila nyuzi za ufagio.

"Huyu mwembamba ni nani?" nikauliza, ingawa nilikwisha kumjua.

Tulia akashika kichwa. Alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote, kando ya kamera, anahesabu, na mimi kwa kukazia macho lenzi sikumwona. Hata koti hakuwa amelivua ufagioni. Nilitaka kulia, nikajikuta nimekaa sakafuni nacheka mpaka mbavu zinauma, na nje fundi baiskeli akauliza kuna nini. Alipoonyeshwa akasema yeye alidhani ndivyo tulivyokusudia, watu wa picha wana mambo yao.

Lakini kicheko kilipoisha niliudhika kwelikweli, nikamwambia.

"Mjukuu wako atakwenda kwenye ukuta ataweka kidole juu ya ufagio. Ndicho unachotaka?"

Akafuta mikono yake, kidole kimoja kimoja. "Unajua kwa nini ninakimbia?" akasema. "Si kwamba watu wanashika kamera vibaya. Wanashika vibaya, ndiyo. Lakini mimi nikikaa mbele sijui niufanye nini uso wangu. Wote ninawaambia watulie. Mimi mwenyewe, kile kijicho cha lenzi kikinitazama, naona kama nimekamatwa."

Miaka yote ile, na mimi nadhani ni kiburi cha fundi! Ni haya. Mwanamume aliyewaamuru watu wenye nyota mabegani alikuwa anaona haya kama mwali. Hasira yangu yote ikayeyuka. Nilimpenda pale kwenye taa nyekundu kuliko siku aliponiachia mkono mbele ya wakwe, na namshukuru Mungu hakuniona vizuri usoni.

"Basi leo nitakupanga mimi," nikasema. "Kaa."

Tukarudi mlangoni, nikauvua ufagio koti, nikamvika mwenyewe, nikamkalisha. Nikajifunika kitambaa cheusi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ndani kuna joto na kunanuka ngozi na gundi yangu. Na kwenye kioo, alikuwepo mume wangu, amepinduliwa miguu juu kichwa chini, ananing'inia kwenye kigoda chake kama popo aliyevaa koti. Nikaangua kicheko.

"Ni nini? Kola?"

"Kola iko sawa. Tulia hapo hapo."

Akatulia. Nikazungusha kishikizo kama alivyonielekeza, ukungu ukaondoka, nyusi zikaja, ile mvi ya sikioni ikaja, kovu dogo la kidevuni ambalo nilikuwa nimelisahau likaja. Sijui nilikaa humo muda gani. Mtu anayeinuka kila saa humwoni sawasawa, unaona mgongo wake ukienda kufunga dirisha. Sasa nilikuwa naye mzima mzima ndani ya kioo, hana pa kwenda. Nilimtazama mpaka fundi baiskeli akauliza kama nimesinzia.

Nikachomeka kasha lenye karatasi mpya, nikavuta kifuniko. Kioo kikafa. Bibi alisema kweli, hapakuwa na cha kuchungulia tena nyuma ya kamera ile. Nikatoka kwenye kitambaa nikiwa na kipira mkononi.

"Usitazame lenzi," nikamwambia Tulia. "Nitazame mimi ninavyokuja."

Akanitazama ninavyokuja. Nikakaa kando yake, nikapanga marinda ya gauni, nikauficha mkono. Nilijua macho yake bado yako kwangu, niliyahisi shavuni. Nikaelekeza uso kwenye lenzi, nikabonya.

"Moja," fundi baiskeli akaanza kuhesabu kutoka kizingitini, bila kuombwa, kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano. "Mbili."

Hapo nikaanza kutikisika. Kicheko kilikuwa kinapanda na sikuweza kukizuia. Tulia hakusogea. Hakuinuka, hakukumbuka dirisha, hakukumbuka taa. Tatu, nne, alikaa kama mlima. Tano, nikaachia kipira, na sote tukapumua kama watu waliotoka chini ya maji.

Picha ile ilipokwisha kugeuzwa na kuchapwa ilitoka hivi. Mume wangu yuko wazi kabisa, kila unywele wa nyusi, kovu, mshono wa kola, ananitazama pembeni kwa uso ambao wala hakuhitaji kufundishwa. Mimi niliye kando yake ndiye niliyetikisika, mdomo una ukungu, mabega yana ukungu, ni kicheko tu kimekaa kwenye gauni.

"Umeharibika," akasema fundi wa picha aliyemo ndani ya mume wangu. "Turudie."

"Ukirudia nakuacha," nikasema, na hiyo ikawa basi.

Nakala moja ilikwenda kwa bibi wa ghorofa ya tatu kabla hajahama. Hakutazama nyuso kwanza, alitafuta mkono wangu kwenye marinda, akakiona kivuli cha mpira, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nakala ya pili ilikwenda kwa binti yetu, akaitundika chini kidogo, mtoto anapofikia bila kiti. Sisi yetu tuliiweka sebuleni, kando ya ile ya harusi, maana ile nayo ina kazi yake na shela langu lilikuwa zuri.

Wiki hiyo hiyo msimamizi akaja kutusalimu. Siku hizi si mwembamba tena. Alivua viatu, akaingia, akafika mbele ya ukuta akasimama. Alitazama picha mpya kwa muda mrefu, kisha akanigeukia, akanipa mkono kwa heshima zote.

"Hongera, shemeji," akasema. "Kumbe na mimi leo nimeruhusiwa kwenda nyumbani."

Tukacheka mpaka majirani wakasikia, na katikati ya kicheko nikamwona Tulia ananyoosha mkono kuchukua simu mezani, ameshakunja jicho moja. "Simameni hapo hapo kidogo, wewe na shemeji yako, mwanga ni mzuri..."

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa.